Kilichoingia Kontenani mwa Fisi

— Paukwa!
— Pakawa!
— Paa limetoboka!
— Mvua haijapiga hodi!
— Nani atapanda juu?
— Apande mwenye nyumba, sisi tumshikie ngazi!

Haya, shikeni ngazi. Hapo kale kijiji cha Mabondeni kilikuwa kimeezekwa kwa mabati, na mabati yote yalikuwa yameliwa na kutu. Masika yalikaribia. Kila mwenye nyumba akaezua paa bovu aezeke jipya. Lakini kifusi cha paa utakitupa wapi? Ukikiacha njiani, misumari inawachoma watu kwato. Na mwenye kontena la kubebea kifusi alikuwa mmoja tu, Bwana Fisi.

Kontena lenyewe lilikuwa la chuma, limefunikwa juu, lina lango moja nyuma na komeo la nje. Punda alilivuta mpaka ukingoni mwa korongo, akaliinamisha, kifusi kikaporomoka: krakra, krakra, bwaa! Kisha Fisi alishuka korongoni kwa njia ya nyuma, akachambua peke yake. Kodi ilikuwa kibaba cha mtama. Kodi haikumwumiza mtu. Kilichoumiza ni sharti.

"Kilichoingia hakitoki," Fisi alimwambia kila mkodi. "Kikiingia ni changu."

"Hata kikiingia kwa bahati mbaya?"

"Bahati mbaya ni yako. Kontena ni langu."

Chungu cha Kima kikaingia pamoja na mbao. Kilichoingia hakitoki. Mayai ya Kanga yakaingia pamoja na kiota. Kilichoingia hakitoki. Watu wakanung'unika, wakaendelea kukodi, maana mawingu yalikuwa yanazidi kuwa meusi.

Zamu ya Mama Digidigi ikafika. Alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja aliitwa Sikujua. Jua lilipokuwa kali, Sikujua akaingia kontenani kucheza kivulini. Fisi akamwona. Akalisukuma lango taratibu: kwaa!

Mama Digidigi akaja mbio, akapiga magoti. "Baba, nifungulie! Mwanangu yumo!"

"Kilichoingia hakitoki."

"Nakusihi, Bwana Fisi!"

"Kikiingia ni changu. Punda, vuta!"

Punda akasita. "Bwana, kuna anayelia humu."

"Nilikufunza nini? Kinacholia ndani ni kifusi. Vuta!"

Punda akavuta. Kri, kri, kri. Ndani mtoto aliita, "Mama! Mama!" mpaka kontena likapinda kona, na sauti ikapinda nayo. Majirani waliinua macho, wakayatazama mapaa yao.

Jirani wa karibu kabisa alikuwa Bi Karunguyeye, yule mdogo mwenye miiba. Siku hiyo alikuwa juu ya nyumba yake, misumari mdomoni, na hakuitema apige kelele. Hilo lilimkaa kooni. Alikula, halikushuka. Alilala, likamwamsha. Mama Digidigi hakumlaumu, na ingekuwa afadhali angemlaumu. Kila asubuhi mama yule alifagia mlangoni pake, akasimama, akaitazama njia ya korongoni, akafagia tena palepale.

Bi Karunguyeye akafukua mfupa wa nyati kando ya mto. Akauchemsha mpaka mafuta yakaelea, akayasugua mafuta yale kwenye mabati yake mabovu, bati moja baada ya jingine. Kisha akaenda kwa Fisi na kibaba chake cha mtama.

"Nakodi kontena, Bwana Fisi."

"Sharti unalijua?"

"Nani asiyelijua?"

Kontena likaja. Akapakia mbao, akapakia mabati, na ule mfupa akausukuma mpaka mwisho kabisa, nyuma ya vyote. Halafu akakaa chini, akajipiga kichwa. "Maskini mimi! Minofu ya marehemu mume wangu!"

Fisi akasogea. "Minofu gani?"

"Ya nyati, bwana, aliyoikausha kwa moshi. Aliificha darini. Nimeitupa na kifusi! Niache niingie niitoe."

"Thubutu! Kilichoingia hakitoki."

"Basi japo kipande kimoja."

"Kikiingia ni changu!"

Fisi akanusa. Harufu ikampanda puani, mate yakamdondoka, tii, tii, tii. Kungoja mpaka korongoni hakuweza. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega, mabati yakalia kwacha kwacha, akaingia mzima mpaka mkia.

Bi Karunguyeye akalisukuma lango kwa mgongo. Akarukia komeo, akaning'inia kwa uzito wake wote mdogo.

Kwaa!

"We! Nani kafunga?"

"Ni mimi, bwana."

"Fungua!"

"Kilichoingia hakitoki."

"Pumbavu! Mimi ndiye mwenye kontena!"

"Basi hujapoteza kitu. Kilichoingia ni chako."

Fisi akapiga chuma kwa makucha, gubu, gubu, gubu. "Punda! Punda! Ni mimi, bwana wako!"

Punda akageuza masikio. Akamtazama Bi Karunguyeye, akatazama njia. "Nilifunzwa kwamba kinacholia ndani ni kifusi," akasema, akavuta. Kri, kri, kri. Majirani wakatoka milangoni, na hakuna aliyeshangilia. Ukingoni Punda akainamisha kontena, komeo likafyatuliwa, na mbao na mabati na misumari na Fisi vikaenda pamoja. Krakra, krakra, bwaa. Vumbi likapanda. Halafu kimya.

Bi Karunguyeye akaenda kwa Mama Digidigi, akamkuta ameshika ufagio.

"Alilia?" Mama Digidigi akauliza.

"Alilia."

"Kama mwanangu?"

Bi Karunguyeye akafikiri. "Hapana, mwenzangu. Mwanao aliita mama. Huyu aliita mtumishi."

Mama Digidigi akaketi kizingitini, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Bi Karunguyeye akaketi kando yake, mbali kidogo kwa sababu ya miiba, mpaka mvua ikawafukuza wote wawili ndani.

Na funzo lake, jamani? Heshimuni masharti ya mwenye mali, hata kama ni magumu. Tazameni Bwana Fisi: aliyashika mpaka mwisho.

Ngano yangu nimeitua. Ikiwa tamu, jitwisheni mwende nayo. Ikiwa chungu, itupeni, ila si mlangoni pangu.