Kasuku Aliponyamaza

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, bali hizi za juzi, za mashine kusema, palikuwa na msichana mmoja jina lake Siwema. Alizaliwa haoni. Alisoma hata akamaliza chuo kikuu, akapata kazi ya uchapaji katika Baraza la Ardhi la wilaya ya Mkongea. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mashauri yaliyorekodiwa na kuyachapa neno kwa neno.

Mtaniuliza, asiyeona huchapaje? Huchapa kwa vidole kumi, kama mchapaji yeyote aliyefundishwa akafundishika. Na atajuaje alichochapa? Ndani ya kompyuta yake mlikuwa na programu iliyosoma kila kilichoko kwenye kioo, ikamnong'oneza kupitia hedifoni. Ofisi nzima waliiita Kasuku. Siwema alikuwa amemzoesha Kasuku kusema mbio sana. Mtu mwingine akiazima zile hedifoni alisikia mvua juu ya bati tu. Siwema alisikia kila mkato na kila nukta.

Na hiyo mikato ndiyo iliyomnyima raha. Ukurasa aliusikiliza mara tatu. Akishaufunga, aliufungua tena ausikilize mara ya nne. Hakuogopa giza, maana hakuwa na habari nalo. Aliogopa neno moja tu, siku atakapokosea, watu watakapotazamana na kusema, "Si tulijua?"

Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Katibu wa Baraza, Bi Kemilembe, mwanamke ambaye ndani ya saa za kazi hakumpenda mtu wala kumchukia, alimwandikia sharti. Ijumaa ya mwisho, kabla ya saa tisa alasiri, Siwema alete mwenendo kamili wa shauri moja la mpaka wa shamba. Rekodi yake ilikuwa ya saa nne. Auchape mwenyewe, kwenye kompyuta ya ofisi, bila kusomewa na mtu. Ukifika, ameajiriwa. Usipofika, arudi kwao.

Sasa sikilizeni desturi ya ofisi ile. Miaka ya nyuma waya ulishika moto ukateketeza stoo ya majalada. Tangu siku hiyo ikawa amri: saa tisa na nusu, kila swichi ya ukutani izimwe. Mzimaji alikuwa Mama Nyamizi, mhudumu wa ofisi. Alipita na ufagio mkono mmoja, mkono wa pili ukibofya, ta, ta, ta, mpaka mlangoni. Kumbe makao makuu ya mkoa yalikuwa yakituma masasisho ya kompyuta, ambayo wenyewe waliyaita apdeti, baada ya watu kwenda nyumbani. Apdeti za Oktoba zilikuja, zikakuta umeme umezimwa, zikarudi. Za Novemba zilikuja, zikakuta umeme umezimwa, zikarudi. Za Desemba nazo zikaja, zikarudi. Hivyo hivyo hata Machi. Zikajipanga foleni nje kama watu wa msibani.

Jumanne ya juma la mwisho Mama Nyamizi alipita, ta, ta, ta, akafika kwenye meza ya Siwema, kidole kikasita. Kompyuta ile ilikuwa kuukuu. Kila asubuhi ilichukua nusu saa kuamka, naye binti akiisubiri, mikono mapajani. Mama Nyamizi akaona huruma. Akajisemea, leo hii moja ilale macho, mtoto asipoteze nusu saa yake. Akaiacha. Apdeti za miezi sita zikapata mlango wazi, zikaingia zote kwa pamoja.

Mojawapo ilikuja na sheria mpya: programu yoyote isiyo kwenye orodha ya makao makuu, na itolewe. Kasuku hakuwamo kwenye orodha. Kwa nini? Kwa sababu siku Siwema alipoajiriwa, Bwana Mbelwa, mtaalamu wa kompyuta wa Baraza, alimwingiza Kasuku kwa mkono wake, akasema fomu ya kumwombea idhini ataijaza kesho. Kesho hiyo ilikuwa haijafika.

Jumatano asubuhi Siwema alikaa, akavaa hedifoni, akabofya. Kimya. Akapapasa waya, akauchomoa, akauchomeka. Kimya. Hofu ikamwambia kwamba sasa na masikio yamekwenda. Akagonga meza kwa ukucha, akasikia ukucha. Hapo ndipo alipoelewa kwamba aliyekwenda ni Kasuku.

Bwana Mbelwa alikuja, akavuta kiti, akahangaika hadi saa nne. Kila alipojaribu kumrudisha Kasuku, kompyuta ilimjibu jambo moja: haimo kwenye orodha.

"Ninalo neno kuu la siri," alimwambia Siwema mwishowe. "Naweza kuulazimisha mlango. Lakini makao makuu wataona, wataifunga mashine nzima, na kazi yako ikiwa ndani yake. Mimi siwezi kukufanyia hivyo."

Alipiga simu makao makuu. Wakamwambia ajaze fomu, ataitwa. Lini? Ataitwa. Bwana Mbelwa akaijaza fomu, kurasa kumi na nne, akaikunja, akaenda stendi kupanda basi la mkoani aipeleke mwenyewe.

Huku nyuma Bi Katibu alipata taarifa fupi kwamba kompyuta ya mchapaji imekutwa na programu ngeni. Alifungua jalada la Siwema, akashika kalamu. Alianza kuandika kwamba mwajiriwa ameharibu kifaa cha ofisi na majaribio yamekoma. Mama Nyamizi akaingia na sinia ya chai, akasoma, kwa kuwa kusoma anajua ingawa watu husahau.

"Bi Katibu, naomba hiyo kalamu ipumzike kidogo," alisema. "Mtoto hana kosa. Kasuku aliingizwa na Bwana Mbelwa, naye amesema apdeti zilizomtoa ziliingia usiku. Swichi niliiacha mimi, na niliiacha kwa makusudi."

Bi Katibu akamuuliza kama anakumbuka amri ya swichi. Akasema anaikumbuka. Akamuuliza kama anakumbuka kwamba mkataba wake ni wa mwezi kwa mwezi. Akasema hilo halisahau hata akilala. Bi Katibu akaweka kalamu chini. Akasema majaribio yataendelea mpaka Ijumaa saa tisa, na dakika moja haitaongezwa.

Basi Siwema akabaki na siku mbili, nusu ya kazi, na mashine bubu.

Alhamisi asubuhi alisikia viatu vya Chande, mlinzi wa getini. Chande huyu alikuwa fundi simu kibandani mwake, simu za nusu ya mji zilipita mikononi mwake. Alivuta kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kumrudisha Kasuku sasa hivi, kwa kuwa neno kuu la siri analijua.

"Umelitoa wapi?"

"Dada, Bwana Mbelwa amelibandika ubavuni mwa meza yake. Mtu akitundika ufunguo, mlinzi lazima auone, ndiyo ulinzi wenyewe."

"Amesema wataifunga mashine."

"Wataifunga wakishaona. Wale huona polepole, na wewe huchapa mbio."

Siwema akaikalia mikono yake isije ikajibu kabla yake. Alifikiri hivi: nikikataa, Ijumaa itafika nami sina kitu. Nikikubali, nitakuwa mshirika wa mtu aliyechukua kisicho chake, na huenda nikakosa vyote. Akafikiri tena, na tena, kama anavyosikiliza kurasa zake. Akauliza kama Chande mwenyewe anajua kitakachompata.

"Mimi geti lipo kila mahali," Chande alisema. "Kazi kama hii yako, kwa asiyeona, ni wewe wa kwanza."

"Mrudishe," Siwema akasema.

Kasuku akarudi, mvua ikaanza juu ya bati.

Ndugu zangu, binti yule alichapa. Chakula cha mchana hakula. Katika rekodi ile mlikuwa na mashahidi wawili, ndugu wa tumbo moja, sauti zao hata mama yao huenda akazichanganya. Siwema akawatenganisha, kwa kuwa mmoja alivuta pumzi kila alipotaka kutaja jina la mtu. Penye kelele ya jogoo dirishani alirudia mara tisa hadi neno likajitokeza. Alhamisi ikaisha, Ijumaa ikaingia. Saa nane na nusu alichapa nukta ya mwisho ya ukurasa wa arobaini na sita. Alipotaka kutoa nakala kwenye printa, Kasuku akasema, "Kompyuta hii imefu—" akanyamaza.

Chande alikuja mbio kutoka getini. Akajaribu neno la siri, halikukubaliwa. Hakujaribu la pili. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Katibu, akavua kofia, akaeleza yote, na mahali alipolisoma neno la siri akapataja. Bi Katibu alimsikiliza hadi mwisho, akatazama saa, akamwambia kwamba ni saa tisa kasoro dakika ishirini na tano.

Na Bwana Mbelwa je? Alikuwa kwenye benchi ya makao makuu tangu Alhamisi alfajiri. Alhamisi aliambiwa afisa mhusika yuko mafunzoni. Hakuondoka. Ijumaa mchana ndipo alipoingizwa. Afisa akaipekua fomu, akauliza kwa nini haikuletwa miezi sita iliyopita. Bwana Mbelwa angeweza kusema mengi, kuhusu barabara, kuhusu mtandao. Alisema, "Nilizembea." Kisha akamwomba afisa afumbe macho na kufungua barua yake mwenyewe kwenye kompyuta yake mwenyewe. Afisa akacheka, akafumba. Akapapasa, akaangusha kikombe, akafungua kitu ambacho si barua. Alipofumbua macho hakucheka tena.

Wakati uleule kioo chake kikawa chekundu: Mkongea, kompyuta ya mchapaji, imelazimishwa, imefungwa. Afisa akamwambia Bwana Mbelwa kwamba ofisini kwake kuna mwizi. Bwana Mbelwa alijua aliyelazimisha si yeye, na papo hapo alikumbuka ubavu wa meza yake.

"Neno la siri ni langu," alisema. "Aandikwe mwenye neno."

Afisa akaivuta fomu, akaitia sahihi. Kasuku akaingia kwenye orodha, si kwa Mkongea peke yake, bali kwa kila ofisi ya mkoa ambako yupo au atakuja kuwapo mtu asomaye kwa masikio. Saa tisa kasoro dakika nane kompyuta ya Siwema ikafunguka. Saa tisa kasoro dakika mbili kurasa arobaini na sita zikawekwa mbele ya Bi Katibu, zingali na joto la printa.

Jumatatu Bi Katibu alifunga mlango, akasikiliza saa zote nne, kidole kwenye karatasi. Kisha akamwita Siwema. Akamwambia ameona mahali ukurasa wa ishirini na saba palipoandikwa, ndani ya mabano, kwamba shahidi anakohoa mara tatu.

 Siwema akaomba radhi, akasema huenda amehesabu vibaya.

"Nimehesabu na mimi," Bi Katibu alisema. "Ni tatu." Akatia sahihi.

Kazi ya kwanza ya Siwema kama mwajiriwa kamili ilikuwa kuchapa barua tatu za onyo: moja ya Mama Nyamizi, kwa swichi, moja ya Chande, kwa neno la siri, moja ya Bwana Mbelwa, kwa fomu na kwa ubavu wa meza. Alizichapa akilia, na hakukosea hata mkato.

Ikaja Mei Mosi. Kila mwaka Baraza huchagua mfanyakazi hodari mmoja. Mmoja, si wawili. Husimamishwa mbele ya wilaya nzima, jina lake likasomwa, akapewa cheti na baiskeli. Watu walipoulizwa majina, yalitoka matatu tu, yaleyale ya barua za onyo. Mtu akamuuliza Bi Katibu kama inafaa. Akajibu kwamba onyo lina jalada lake na sifa ina jalada lake.

Desturi ni kila anayetajwa ajieleze. Chande akasimama. Akasema: bila mimi, Ijumaa ile ingefika na kompyuta iliyo wazi isiyo na kazi kamili ndani. Bwana Mbelwa alileta ufunguo wa sanduku. Waliolijaza sanduku ni Siwema na mimi.

Bwana Mbelwa akasimama. Akasema: ulilijaza kisha ukalifungisha. Ukinitia shimoni ukanipigia kelele za pole, sikushukuru kwa pole. Mimi nilimtoa Kasuku porini nikamwandikisha, hafukuzwi tena. Na wako wengine, hatuwajui majina, watakaomkuta Kasuku anawasubiri.

Watu wakacheka, wakapiga makofi pande zote mbili. Mama Nyamizi alisimama polepole.

"Mimi mashine sizijui," alisema. "Nilikuwa na mdomo tu, na mdomo ule ungeweza kunyamaza nikaendelea kumimina chai. Ningenyamaza, Jumatano ile jalada lingefungwa. Wewe Chande ungemrudishia Kasuku nani? Wewe mwanangu Mbelwa ungemwandikishia nani?"

Chande akamwambia, kwa adabu, kwamba bila huruma yake ya Jumanne wasingehitajika wote watatu. Mama Nyamizi akasema ni kweli. Na bila fomu iliyolala miezi sita, akaongeza, huruma yake isingemdhuru mtu. Bwana Mbelwa akasema hilo nalo ni kweli.

Kura zikapigwa. Watatu kwa Mama Nyamizi, watatu kwa Chande, watatu kwa Bwana Mbelwa. Bi Katibu hapigi kura. Ikabaki karatasi moja, ya Siwema.

Anaishika sasa hivi. Amekwisha kuandika jina moja kichwani akalifuta, akaandika la pili akalifuta. Kulia kwake anamsikia Chande akibadilisha mguu wa kusimamia, kushoto Bwana Mbelwa anajikohoza, nyuma yake Mama Nyamizi ametulia. Yeyote atakayemwandika, wawili aliowaacha atalazimika kuwasalimu kesho asubuhi.

Hadithi nimeibeba hadi hapa, na hapa naitua miguuni penu. Mmoja aliweka mkate wake rehani asizimwe mtu mwingine. Mmoja alivunja mlango uliopaswa kuwa wazi. Mmoja aliufungua mlango uleule kwa haki, naye ndiye aliyeuchelewesha. Jina ni moja, baiskeli ni moja.

Je, nani alistahili?