Ukuta Uliolia kama Chungu Kibovu

Haya, sogeeni karibu. Wewe mwenye muwa, tafuna umalize kabisa, maana leo nina swali na sitaki jibu la mdomo uliojaa. Huko milimani kwetu walikuwepo wanawake wanne waliofinyanga vyungu na majiko ya udongo.

Kidawa hakuwa akiona, lakini masikio alikuwa nayo! Kila chungu kilichotoka motoni alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia sauti safi, kinakwenda sokoni. Kikilia sauti nzito, kina ufa ndani, hata kama wewe mwenye macho yako mawili huuoni.

Sifaeli hakuwa akisikia, lakini moto aliujua kwa rangi yake. Alikaa mbele ya tanuri akiutazama, na akiinua mkono, wenzake waliacha kutia kuni.

Nakunda hakuwa na nguvu za miguu tangu utotoni. Alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na ndiye aliyeuza. Huo mdomo wake, mama yangu! Akikuuzia jiko, unaondoka unamshukuru.

Wa nne, Mwanaidi, alikuwa na mkono mmoja. Kwa mkono huo alichota maji yote ya kukandia udongo, na mgongoni alimbeba bintiye Zaina, wa miezi mitano. Hakuwa na mume wala ndugu wa kumtaja.

Mwanzoni watu walinunua kwa kuwahurumia. Baadaye wakanunua kwa sababu vyungu vyao havikupasuka. Ndipo shule moja ya bweni ikaagiza majiko mia mbili, yachukuliwe Ijumaa. Siku ile walishikana mikono wakacheka mpaka machozi, maana hiyo haikuwa sadaka, ilikuwa kazi.

Jumatano mchana mvua kubwa ikashuka. Ukuta wa banda lao la kazi ukamwangukia Mwanaidi na mwanawe.

Majirani walichimba wakamkuta Mwanaidi ameshakufa. "Na mtoto ndiyo basi tena," mmoja akasema, wakaanza kuweka majembe chini. Kidawa akapiga kelele: "Nyamazeni! Nyote nyamazeni!" Akalala kifudifudi juu ya kifusi, sikio kwenye matope. "Hapa. Chini ya kiwiko changu hapa." Wakachimba hapo, wakamtoa Zaina, kinywa kimejaa udongo, anapumua kwa kukoroma. Wangechelewa kidogo tu, wangezika wawili.

Zahanati iko ng'ambo ya bonde, na vijana wa bodaboda walikataa ule mteremko wenye utelezi. "Nifungieni mtoto mgongoni," Nakunda akasema. Akazungusha baiskeli yake mpaka ikakwama kwenye matope. Akaiacha hapo, akashuka, akatambaa njia iliyobaki. Alipofika, nesi alimshughulikia mtoto kwanza, kisha ndipo akaona viwiko vya Nakunda vimechunika, nyama iko nje. "Dakika kumi zaidi ungeniletea maiti," alimwambia.

Zaina akapona kifua, lakini akakataa chupa. Siku mbili hakumeza kitu, akawa hana hata nguvu ya kulia. Sifaeli alikuwa amemzika mtoto wake mchanga wiki tatu kabla, na maziwa bado yalimjaa. Alikuwa akiyakamua na kuyamwaga huku analia. Akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akampa Zaina titi. Mtoto akanyonya mpaka akalala.

Afisa ustawi wa jamii wa kata akawaita wote watatu ofisini. "Fomu ina nafasi ya mlezi mmoja," akawaambia. "Msipokubaliana leo, mtoto anakwenda kituo cha watoto mjini."

Najua mmeshaanza kuchagua, nawaona. Tulieni kwanza, sijamaliza.

Afisa alidhani kila mmoja atajisifu. Kidawa ndiye aliyeanza.

"Niandike mimi, mama. Jumanne niliugonga ule ukuta. Ulilia kama chungu kibovu. Nilijua. Deni la mtoto huyu ni langu."

"Na uliniambia mimi," Nakunda akadakia. "Nikakujibu tumalize kwanza oda ya shule, fundi tutamwita Jumamosi. Mama, niandike mimi."

Sifaeli alikuwa akiitazama midomo yao. Akapiga meza kwa kiganja, akaanza kusema kwa mikono, haraka haraka, na Nakunda akatafsiri.

"Anasema yeye ufa aliuona. Aliuziba kwa udongo, akaulainisha vizuri, ili Mwanaidi asiuone. Angeuona angemchukua mtoto wake akaondoka, na sisi tungebaki bila mtu wa kuchota maji. Anasema aandikwe yeye."

"Kwa hiyo mlijua nyote?" afisa akauliza.

"Sote," Kidawa akasema. "Asiyejua alikuwa Mwanaidi peke yake."

Zaina alikuwa amepakatwa na Sifaeli, ameshika kidole cha Nakunda, na Kidawa akisema au akikohoa, mtoto aligeuza kichwa kumtafuta. Hakuwa na wengine duniani. Afisa aliweka kalamu chini, akaiokota, akaiweka tena.

Nawaambia afisa, afisa. Afisa huyo ni mimi. Jina nililoandika sitawatajia, kwa kuwa mpaka leo sina hakika nalo.

Basi ishikeni kalamu ninyi. Angekosekana mmoja wa hao watatu, mtoto angekufa. Na mmoja wao tu angemwambia Mwanaidi, mama huyo angekuwa hai. Utamwandika aliyemsikia, aliyembeba au aliyemnyonyesha? Au utaacha nafasi ile tupu, mtoto aende akalelewe na watu wasiomdai na asiowadai kitu? Na huyo utakayemwandika, siku Zaina akimuuliza mama yake alikufaje, unataka amjibu nini?

Wewe mwenye muwa, naona umeacha kutafuna. Anza wewe.