Yatapita na Sindano ya Pili

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mtoto wa hadithi hii bado hajang'oka jino, palikuwa na mama kijana huko Ugogo aitwaye Sechelela. Aliishi kwa mama mkwe wake, Bi Mwendwa, pamoja na shemeji yake Chilewa. Mume alikuwa ametangulia kufyeka shamba jipya pembeni mwa pori.

Nyumba ile ilikuwa na jike la mbwa. Bi Mwendwa alimwita Yatapita, kwa kuwa alimpata mwaka wa njaa. Sechelela akilima mtama, mtoto hulazwa kivulini, Yatapita hulala miguuni pake. Siku fisi alipokuja mchana kweupe, ni Yatapita aliyemkabili mpaka watu wakafika na majembe.

Lakini jike ni jike. Joto likimpanda, madume hujaa uani, naye huwafuata, mtoto anabaki peke yake. Sechelela akaingiwa na hofu, hofu ile isiyokaa kitako.

"Shemeji, nasikia ipo sindano ya kuzuia joto. Mdunge, nakuomba, fisi hangoji!"

Chilewa akadunga. Msimu ukaja, akadunga tena. Kila msimu sindano, kila msimu kimya.

Siku moja Sechelela akampapasa Yatapita tumboni. Sechelela mwenyewe alikuwa akinyonyesha, ziwa lililofunga maziwa analijua. Hili halikuwa la maziwa. Vidole viligota kwenye kitu kigumu kama kokwa.

"Mama, njoo ushike hapa."

"Kachomwa na mwiba huyo," akasema Bi Mwendwa. "Mpake majivu. Wewe nawe, hata mbwa unamtafutia ugonjwa!"

Wakapaka majivu. Kokwa likawa yai.

Daktari wa mifugo alipoletwa aliuliza kwanza, "Amewahi kudungwa sindano ya kuzuia joto?"

"Kila msimu," akajibu Chilewa.

"Ile ni homoni. Ikirudiwarudiwa huweza kuchochea saratani ya matiti."

"Ni mimi niliyeiomba," akasema Sechelela, mtoto mgongoni.

Daktari akakata uvimbe, akatoa na vifuko vya mayai. Kisha akasema, "Iko homoni nyingine. Kwa baadhi ya mbwa waliotolewa vifuko hivi, imeonekana kuchelewesha saratani kurudi. Bado inachunguzwa. Siwaahidi."

"Homoni tena?" Sechelela akalia. "Si ndiyo iliyomla? Safari hii sisemi mdungeni, sisemi msimdunge, mimi sithubutu!"

Chilewa akatazama mikono yake.

Ndipo Bi Mwendwa aliposema, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini mwenye mbwa ni mimi. Mdungeni. Akifa, niulizwe mimi."

Chilewa akadunga. Yatapita akamng'ata kidole, kikapinda, hakikunyooka tena. Siku ya sindano iliyofuata Chilewa akadunga tena vilevile, kidole chake kimefungwa kitambaa.

Msimu ukapita, na mwingine, uvimbe haukurudi. Ni kisu, au ni sindano? Daktari mwenyewe hakuapa.

Kisha mume akatuma neno: shamba tayari, njoo na mtoto. Hapo ugomvi ukazuka.

"Yatapita naondoka naye," akasema Sechelela. "Kule fisi wanalia hadi mlangoni, na mtoto sasa anakimbia ovyo. Vidole vyangu ndivyo vilivyouona ugonjwa!"

"Na mdomo wako ndio ulioomba sindano," akajibu Bi Mwendwa. "Mbwa ni wangu, na neno la kumponya lilikuwa langu. Macho haya hayamwoni fisi tena. Mkiondoka, nani atanibwekea?"

"Na majivu yalikuwa ya nani, mama?" Chilewa akacheka kicheko kikavu, akainua kidole. "Mimi nachunga porini peke yangu. Kidole hiki kilimponya."

"Ndicho kilichomdunga ile ya kwanza, shemeji!"

Yatapita amelala kizingitini, kovu limegusa vumbi, kichwa nje, miguu ndani. Mtoto akalia, naye akainua masikio.

Haya, ninyi mliosikia, semeni kabla mizigo haijafungwa. Yuko aliyeuona ugonjwa, yuko aliyethubutu kuamua, yuko aliyedunga akaumia. Na kila mmoja wao ndiye aliyemponza kwanza. Je, nani anastahili kuwa na Yatapita?