Aliyeigeuza Shingo ya Ferdinandi Lukali

Hapo zamani, wala si zamani ya wanyama kusema bali ya juzijuzi, ya mashine kusema, palikuwa na bendi ya dansi mjini Kilosa. Jina lake lilikuwa Super Mkondoa. Wako wanaoiita Mkondoa Stars. Hao wanakosea, na nina hakika hawakuwahi kulipa kiingilio.

Mpiga solo wa bendi hiyo aliitwa Ferdinandi Lukali. Alipiga gitaa mpaka uzee ukamkakamaza vidole. Vilipokakamaa, hakuna aliyemwambia neno. Jumapili moja alifika kwenye dansi la alasiri akakuta kiti chake kimeshushwa jukwaani, kimewekwa mlangoni pamoja na kreti za soda. Mwenye vyombo, Bwana Mwinshehe Pazi, alikuwa pale pale akichana tiketi. Hakuinua macho.

Mzee Lukali naye hakusema neno. Alikibeba kiti, akakiweka katikati ya ukumbi, akakielekeza mlangoni, akakaa. Mgongo ukawa jukwaani. Akamaliza dansi lote hivyo. Jumapili iliyofuata akaja akakaa vilevile, na iliyofuata vilevile, ikawa desturi. Watu walicheza wakimzunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe. Mgeni akitembezwa mjini alioneshwa stesheni, akaoneshwa soko, akaoneshwa mgongo wa Mzee Lukali.

Bendi ilipomuudhi, aliisema bila kugeuka.

"Huyo wa besi anatafuta nini huko chini? Kaangusha funguo?"

Ukumbi ulicheka, na mpiga besi akakosea zaidi.

Gitaa la mzee lilikuwa nyumbani kwake, limetundikwa ukutani. Katika bendi nzima ndilo gitaa pekee ambalo halikuwa la Pazi. Mengine yote yalikuwa ya Pazi, ngoma za Pazi, waya za Pazi. Pazi akikasirika aliweza kumvua mtu gitaa katikati ya wimbo kama unavyomvua mtoto shati. Kwa hiyo watu walitaka kujua gitaa la mzee litarithiwa na nani, maana hakuwa na mtoto. Naye akajibu mbele ya ukumbi mzima, huku akiutazama mlango:

"Atakayenigeuza shingo. Siku nitakayogeuka kuitazama bendi hii, aliyenigeuza alichukue. Nimesema."

Watatu walilitaka gitaa hilo.

Wa kwanza ni Skolastika Mbega, binti aliyetoka kwaya ya kanisani akarithi nafasi ya solo. Alipiga gitaa la Pazi. Mpiga gitaa asiye na gitaa ni mpangaji wa vidole vyake mwenyewe, na Pazi hakuacha wiki ipite bila kumkumbusha.

Wa pili ni Zahoro Kobelo, fundi redio. Nasema fundi redio, si fundi umeme. Mtu mmoja aliwahi kumwita fundi umeme, na redio yake ilikaa kibandani masika mawili haijafunguliwa. Bendi ilikuwa na amplifaya ya zamani, ya zile zenye taa za kioo ndani, zinazochelewa kuwaka. Karatasi ya spika yake ilipochanika, Zahoro aliiziba kwa kipande cha ngozi ya mbuzi kilichobaki ngoma ya tumba ilipowambwa, akakigandisha kwa ulimbo wa mfenesi. Tangu siku hiyo, uzi mnene wa gitaa ukiguswa, spika ilikwaruza kama mtu aliyetaka kupiga chafya akaghairi. Fundi alisema ataitengeneza vizuri baadaye. Hakuitengeneza. Kilosa nzima ikaupenda mkwaruzo ule, na Zahoro akaanza kusema kwamba ndivyo alivyokusudia.

Wa tatu ni Idrisa Shomari, mpwa wa Pazi. Huyu alikuja kutoka Dar es Salaam na boksi.

Sasa nilieleze boksi. Lilikuwa la chuma, pana kama sinia la vitumbua, lina vitufe vya kukanyaga kwa mguu na kioo kinachowaka. Gitaa huchomekwa upande huu, sauti hutokea upande ule, na katikati boksi hujifanya kuwa amplifaya yoyote unayoitaka. Jina lake halisi lina herufi na tarakimu, kama la lori. Watu waliliita Kinyonga. Jina hilo si sahihi, kwa kuwa kinyonga huiga rangi, si sauti. Kasuku lingefaa zaidi. Lakini mji ukishatoa jina haunyang'anywi.

Wanamuziki walilizunguka. Kioo kilichora kila amplifaya kwa rangi yake, na kila kitufe cha kuzungusha mahali pake, na hata kitambaa cha mbele kilichochakaa. Walilitazama muda mrefu bila kulisikiliza, na Idrisa akalieleza muda mrefu zaidi bila kulipiga.

"Humu ndani," alisema Idrisa, "mna amplifaya zote za dunia."

"Na za ahera?" aliuliza Mzee Lukali, akiutazama mlango.

"Babu, hii ni kompyuta."

"Nimekuuliza kuhusu ahera, mwanangu. Kompyuta naisikia."

Jumapili ya kwanza wakapiga na Kinyonga. Idrisa alichagua sauti kwa macho, kama mtu anunuaye kitenge. Ikatoka sauti safi, inayong'aa, isiyo na kwao. Walipofika kwenye "Asumini wa Kimamba", wimbo uliompa Mzee Lukali jina, Skolastika alifanya jambo lake. Kwenye chombezo, pale waimbaji wanapoliachia gitaa liseme peke yake, mahali ambapo mzee alizoea kuingia kwa pupa, yeye alinyamaza kwanza, kisha akaingia kutoka chini, kwenye uzi mnene. Lilikuwa jambo zuri. Sauti ya boksi ikalipaka mafuta, likateleza, likapita.

Mzee alipiga mwayo uliosikika mpaka jikoni.

"Wali wa kwenye picha," alisema. "Umepambwa vizuri. Nani kashiba?"

Shingo haikugeuka.

Idrisa hakulala njaa ya maneno. "Basi boksi litajifunza," alisema. "Tulioneshe ile amplifaya yenu, liinakili." Akaweka maikrofoni mbele ya spika ya zamani, akafungulia sauti mpaka mwisho, na boksi likaanza kupiga milio yake, kama paka anayekamuliwa, huku likijisikiliza. Ngozi ya Zahoro ikabanduka kwa kishindo. Idrisa hakujali, alikuwa ameshapata alichotaka. Tena aliketi akakisafisha, akatoa mvumo, akatoa mkwaruzo.

"Nimeisafisha, Fundi. Imebaki sauti tupu."

"Umesafisha nini?" alisema Zahoro. "Umemenya ndizi ukatupa ndizi!"

Jumapili ya pili wakapiga na sauti iliyosafishwa. Watu waliinamisha vichwa, wakijaribu kukumbuka walikuwa wameisikia wapi. Mzee Lukali alisikiliza wimbo mmoja tu.

"Maiti imeoshwa vizuri," alisema. "Izikeni."

Shingo haikugeuka.

Hapo Pazi akawaita wote watatu. Alikuwa ameudhika kwelikweli, maana watu sasa walilipa kiingilio kuja kumcheka yeye, na wengine walianza kugeuza viti kama mzee.

"Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho," alisema. "Shingo isipogeuka, boksi litarudi Dar na mwenye boksi. Na wewe Skola utaacha gitaa langu hapa mezani, urudi kwaya."

"Na mimi je?" aliuliza Zahoro.

"Wewe sijawahi kukuajiri."

Basi walifanya kazi pamoja, bila kupendana. Zahoro alikata kipande kingine cha masalio ya ngozi ya tumba lilelile, akachemsha ulimbo, akaiziba spika upya, safari hii akikusudia kweli. Idrisa akaweka maikrofoni. Skolastika akamshika mkono alipotaka kugusa kitufe cha kusafisha. "Acha uchafu, kaka. Uache wote." Boksi likapiga milio yake, likajisikiliza, na lilipokaribia kumaliza, moshi ukatoka nyuma ya amplifaya. Transfoma ilikuwa imeungua. Taa zake za kioo zikafifia moja moja, zikazimika, na palepale kioo cha boksi kikaandika kwamba sauti imehifadhiwa. Zahoro alipapasa transfoma, akatikisa kichwa. Sauti ilikuwa imehama. Mwili ulibaki unanuka.

Jumapili ya tatu Mzee Lukali alikuja na gitaa lake mwenyewe, amelifunga kwa kitenge cha marehemu mkewe.

"Nimelileta mlione," alisema, akakaa, mgongo jukwaani. "Kuona si kupata."

Wakaanza. Toka wimbo wa kwanza, mkwaruzo ulikuwamo. Ukumbi ulipiga kelele kama watu waliomwona ndugu akishuka treni. Shingo haikugeuka. Wimbo wa pili, mkwaruzo ulikuwamo. Shingo haikugeuka. Ikaja "Asumini wa Kimamba". Skolastika aliufuata wimbo kama mzee alivyoupiga enzi zake, uzi kwa uzi. Mzee alikuna goti. Shingo haikugeuka. Pazi alikuwa ameshasogea kando ya jukwaa, mkono tayari kwenye mkanda wa gitaa lake.

Ikafika chombezo. Skolastika alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko mara ya kwanza, hata mpiga tumba, Sefu Ngulume, akadhani uzi umekatika. Kisha akaingia kutoka chini, kwenye uzi mnene, na ngozi ya mbuzi ya amplifaya iliyokwisha kufa ikakwaruza ndani ya boksi.

Shingo ikageuka.

Haikugeuka shingo peke yake. Yaligeuka mabega, yakageuka magoti, na mzee aliwatazama, mdomo wazi, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaurudia mlango wake kama mtu aliyefunga dirisha.

"Nzi," alisema Sefu Ngulume. "Kuna nzi alimpitia sikioni."

"Nyamaza, wewe!" alisema Zahoro Kobelo, akiwa ameshapanda jukwaani bila kualikwa. "Shingo nimeigeuza mimi. Amegeuka uzi mnene ulipokwaruza, na mkwaruzo ni ngozi yangu. Binti huyu alilipiga chombezo hilihili Jumapili ya kwanza, bila mkwaruzo, na nyote mlisikia mwayo. Miaka yote mlishangilia mkitazama jukwaani; ni nani kati yenu aliyewahi kukitazama kibanda changu? Gitaa ni langu."

"Litakufaa nini, Fundi? Hujui kulipiga," alisema mtu mmoja ukumbini.

"Nitalitundika. Nanyi mtapita, mtauliza ni la nani."

"Shingo nimeigeuza mimi," alisema Idrisa Shomari. "Ngozi yako iko wapi, Fundi? Nenda kaiguse. Ni bubu. Amplifaya imekufa, na aliyeitoa roho yake kabla haijakata ni mimi. Babu alilitukana boksi hili wiki ya kwanza, akalitukana wiki ya pili, na leo ameligeukia. Mngepiga na nini leo bila mimi? Na masufuria?"

"Wewe ndiye uliyeiua!" alisema Zahoro.

"Mgonjwa wako alikuwa hoi toka zamani."

Skolastika Mbega alisema mwisho, na alikuwa bado amevaa gitaa la Pazi.

"Shingo nimeigeuza mimi. Mkwaruzo ulikuwepo wimbo wa kwanza, hakugeuka. Boksi lilikuwepo wimbo wa pili, hakugeuka. Nilipompigia kama yeye mwenyewe, hakugeuka, kwa nini ageuke kujitazama? Amegeuka nilipoacha njia yake nikapita yangu. Nyinyi mmemrudishia sauti yake. Mtu hageukii sauti yake. Hugeuka akisikia mwingine kaingia chumbani."

Ukumbi ukapasuka, huku wakisema Fundi, huku wakisema Skola, na vijana wa nyuma wakisema boksi. Boksi lenyewe halikudai kitu. Siku ile ndilo pekee lililokuwa na adabu.

"Mzee Lukali!" aliita Pazi. "Tusaidie. Ni nani aliyekugeuza?"

Mzee alisimama polepole. Alilifungua gitaa kutoka kwenye kitenge, akakikunja kitenge akakitia kwapani. Akakishika kiti, akakigeuza kielekee jukwaani, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kreti za soda, akalilaza gitaa juu yake.

"Niliahidi shingo," alisema, "na shingo nimeitoa. Sikuahidi maelezo. Mwinshehe, ulinishusha pale juu bila neno. Na mimi natoa bila neno."

Akatoka mlangoni alikokuwa akikutazama siku zote.

Likabaki gitaa juu ya kiti. Zahoro alilitazama, Idrisa alilitazama, Skolastika alilitazama, na hakuna aliyethubutu kulichukua mbele ya wenzake. Pazi akashuka jukwaani, akaja taratibu akipenya katikati ya watu, mkono ameunyoosha.

"Kisicho na mwenyewe ndani ya ukumbi wangu," alisema, "ni changu."

Basi semeni upesi ninyi mliosikiliza, maana Pazi anakuja na mkono wake ni mrefu: kati ya aliyeitia sauti ile kasoro yake, na aliyeinakili ilipokuwa inakufa, na aliyeipitisha njia isiyowahi kupita, nani alikuwa na haki ya kulibeba gitaa la Ferdinandi Lukali?