Nungunungu na Baraza la Bure la Kasuku

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, wanyama wakiwa bado wanasema kama sisi, alikuwapo Nungunungu, mjane mwenye watoto wawili. Shimo lake alilirithi kwa bibi yake. Lilikuwa na milango miwili. Wa mbele ulijulikana na wote. Wa nyuma, chini ya kichaka, ulijulikana na ukoo tu. Bibi alikuwa akisema, "Wa mbele ni wa wageni. Wa nyuma ni wa roho yako."

Basi Kasuku akafungua baraza. Kwaa! Kwaa! "Kuingia bure! Kukaa bure! Kusema bure!" Wanyama wakajaa. Na Kasuku mwenyewe anakula nini? Hakuna aliyeuliza.

Nungunungu naye akaenda, maana upweke ni mzigo.

"Shangazi, mbona umechoka hivyo?" akauliza Kasuku.

"Goti, mwanangu. Na baridi. Inapenya mlango wa nyuma, pale kichakani. Watoto hawalali."

"Pole, shangazi. Pole sana."

Nungunungu akarudi kwake moyo mwepesi.

Asubuhi, ko! ko! ko! Kenge yuko mlangoni. "Shangazi, mafuta ya goti!"

"Nani kakwambia goti langu linauma?"

"Ah, shangazi, nunua kwanza, utauliza baadaye."

Akamfukuza. Hajafumba jicho, ko! ko! ko! Kima na mzigo wa nyasi. "Za kuzibia mlango wa nyuma, shangazi!" Akamfukuza. Akaja mwingine. Akaja mwingine tena. Nungunungu akachoka hata kufukuza.

Jioni pakawa kimya. Kisha, srrr... srrr... Si mbele. Nyuma.

"Dada," sauti ikasema, laini, "nasikia watoto wako wanatetemeka. Mimi mwili wangu mrefu. Nikiwazungushia, watapata joto."

Ni Chatu!

Nungunungu akageuka. Akasimamisha miiba, chakacha! Akauziba mlango kwa mgongo wake.

"Joto lako kawape nduguzo!"

Chatu akacheka. "Sina haraka, dada. Njia nimeshaijua." Akaenda zake, srrr.

Kulipokucha, Nungunungu akawachukua watoto, akaenda barazani. Akamkuta Kasuku anamenya ndizi aliyoletewa na Kima.

"Nirudishie maneno yangu."

"Chukua, shangazi! Mimi sidhulumu mtu." Akayasema yote, tena kwa sauti ya Nungunungu mwenyewe: goti, baridi, mlango wa nyuma, pale kichakani. Baraza zima likasikia. "Haya, si nimerudisha?"

Nungunungu akageuka na watoto wake. Shimo la bibi akaliacha. Akaenda bonde la pili, akaanza kuchimba, kwa goti lile lile.

"Mama, tuchimbe milango mingapi?"

"Miwili. Na wa nyuma msiutaje. Hata mkionewa huruma."

Basi wenzangu, wakubwa kwa wadogo: anayekukaribisha bure, kwanza tazama anakula nini. Neno la nyumbani likishatoka halirudi. Huongezeka tu wenye kulijua.

Ngano yangu imekomea hapo. Atakayetoka mwisho na afunge mlango.