Sifuri ya Bwana Ngonyo

Bwana Ngonyo, mwenye malori matatu pale Mariakani, alimwendea Mbodze wa saiba, kibanda cha intaneti, siku ya mwisho ya kujaza ritani, zile fomu za mapato za kodi.

"Nijazie sifuri. Mwaka mzima sikupata hata senti."

"Na malori, baba?"

"Kazi yako ni kubonyeza. Bonyeza!"

Mbodze akabonyeza, kisha akaomba ada yake, shilingi mia mbili.

"Mtu wa sifuri atoe wapi mia mbili?" Ngonyo akacheka, akaenda zake.

Ijumaa kulikuwa na baraza la chifu. Ngonyo alijiweka kwenye kiti cha mbele, ubavuni mwa ofisa wa kodi aliyealikwa kuzungumza. Mbodze akasimama na kikapu.

"Jamani, Bwana Ngonyo hakupata hata senti mwaka mzima, na anaona haya kusema. Baba, akina mama wa sokoni wamekuchangia. Ama nimewadanganya, pesa unazo?"

Ofisa akageuka, akamkazia Ngonyo macho. Ngonyo akapokea sarafu kwa mikono miwili.

"Asanteni sana," akanong'ona.

"Zihesabu, baba."

Zilikuwa mia mbili kamili.

Mbodze akanyoosha kiganja. "Haya, sasa unazo. Nilipe."