Milimita ya Nne

Hapo zamani, si zamani ile ya majini na wafalme, ni hii ya karibu, simu zilipokuwa za kupigia tu na hazijui kupiga picha, palikuwa na chuo juu ya mlima. Kilijengwa pale pale ukungu unapozaliwa. Asubuhi ukungu uliingia darasani kabla ya wanafunzi, ukakaa kwenye madawati, na wanafunzi walipofika ulisogea kidogo kuwapisha.

Mnanifuata? Basi twende polepole.

Katika chuo hicho Mwalimu Kunambi alifundisha ushairi wa kisasa. Darasa lake lilikuwa na viti thelathini na sita: thelathini na tano vya wanafunzi, kimoja cha mshairi. Kiti cha mshairi kiliwekwa mbele, peke yake, na hakuna aliyethubutu kukikalia hata kwa kufunga kamba ya kiatu. Kila kikundi kilipewa mshairi mmoja wa kumfanyia utafiti, kisha kikaja kumwasilisha mbele ya wenzao, kando ya kiti kile kitupu. Na kanuni ilikuwa moja. Darasa likiamini kwamba mshairi ameingia, linasimama, kama watu wanavyomsimamia mgeni, na halikai tena mpaka kiti kiwe kitupu. Lisipoamini, linabaki limekaa, na kikundi kinarudia somo mwaka unaofuata.

Kwa miaka sita darasa lilikuwa limesimama mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa kwa sababu ya nyoka.

Sasa, walikuwapo wanafunzi watatu: Atupele, Mbonea na Sikudhani. Karatasi yao iliandikwa hivi: "Mpima Mvua. Mshairi. Mleteni." Basi. Hakuna jina la baba, hakuna mwaka, hakuna kijiji.

"Huyu ni mtu au ni kazi?" aliuliza Sikudhani.

"Ni lakabu," alisema Atupele. "Alikuwa akiandika magazetini. Alijificha."

"Kama alijificha, sisi ni nani tumtoe?" alisema Mbonea.

Wakagawana. Atupele akasema, mimi nitatafuta maneno yake. Mbonea akasema, mimi nitatafuta alipokuwa akiishi. Sikudhani akasema, "Mimi nitasema mbele ya darasa, maana nyinyi wawili nawajua. Mbele za watu mmoja anatetemeka na mwingine anakuwa bubu."

"Nani anatetemeka?" aliuliza Atupele.

"Karatasi yako, dada. Wewe hapana."

Atupele akashuka chumba cha chini cha maktaba, yalikowekwa magazeti ya zamani, yamefungwa mafungu kwa kamba za katani. Kurasa zilikuwa zimelegea kama majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili hakuona kitu. Siku ya tisa akaona shairi moja fupi, pembeni mwa tangazo la sabuni, halina vina, limetulia, na chini yake: Mpima Mvua. Akalinakili kwa kalamu. Akaendelea. Alishuka siku arobaini, akapata mashairi kumi na moja, akayanakili yote kama yalivyo, hata makosa ya mpiga chapa, maana alisema kosa la mtu mwingine si lake kulifuta. Baada ya shairi la kumi na moja, Mpima Mvua hakuonekana tena gazetini.

Na hilo la kumi na moja lilikuwa na kidonda. Nyuma ya ukurasa palikuwa na matokeo ya mpira, na shabiki mmoja wa miaka hiyo aliyakata kwa mkasi akaondoka nayo. Shairi likabaki hivi:

Leo imenyesha milimita nne.
Moja ya migomba.
Moja ya bati la shule.
Moja ya mtu aliyesahau mwavuli.
. . . . . . . . . . . .
Nimeandika. Nimemwaga. Nimerudi ndani.

Milimita ya nne ilikwenda na mpira. Atupele alilipima pengo kwa rula: sentimita tano na nusu. Akaweka nukta kumi na mbili kwa upana huo huo, si zaidi. Kisha akazifunga karatasi zake ndani ya kitambaa, na hakumwonyesha mtu.

Tuje kwa Mbonea. Mbonea aliwaza, mpima mvua si lazima apime mvua? Akapanda mlima wa pili, kilikokuwa kituo cha zamani cha hali ya hewa. Nyumba ilikuwa imefungwa, lakini nyasi za uani zilikuwa zimekatwa vizuri. Katikati ya nyasi kilisimama kipimamvua, chombo cha bati chenye mdomo wa duara. Ilipofika saa tatu kamili mwanamke mzee akatoka na mwavuli, akamimina maji ya chombo kwenye bilauri yenye mistari, akainama, akasoma, akaandika, akamwaga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sogea, unakinga mvua yangu."

Akasogea. Kesho yake akarudi, akasogea bila kuambiwa. Siku saba alikuja saa tatu, siku saba alisimama mahali pake, siku saba hakuuliza neno. Siku ya nane bibi akasema bila kumtazama, "Umekuja kwa ajili ya mvua au kwa ajili ya yale mengine?"

"Yale mengine, bibi."

"Jina langu Naetwe. Kituo kilipofungwa walichukua meza, wakachukua saa ya ukutani, wakanisahau mimi na chombo. Nikasema, mvua haijastaafu. Nikaendelea kupima. Kupeleka gazetini ndiko nilikokuacha."

Akamwonyesha daftari la mvua. Mbele ya kila ukurasa palikuwa na milimita za siku hadi siku. Nyuma ya kila ukurasa palikuwa na mashairi. Yalikuwa mengi, miaka ishirini na minne ya mvua tangu kituo kilipofungwa. Mbonea hakuligusa.

"Usimwambie mtu nilipo," alisema Bi Naetwe. "Watakuja, watakanyaga nyasi, kipimo kitaharibika."

"Hata wenzangu?"

"Hata hao."

Akaahidi. Siku ya kuaga akasema, "Alhamisi ijayo, saa nne, darasa la mwisho upande wa misonobari. Sikuiti, bibi. Nakutajia tu." Akashuka mlima, na wenzake walipomuuliza akajibu kwamba hajapata kitu cha kusema. Na kweli, hakuwa nacho cha kusema.

Mnaona lilipofikia jambo? Mmoja ana pengo, mwingine anamjua mwenye pengo, na hawakuonyeshana.

Sikudhani je? Sikudhani alikuwa mtu wa kulala mchana. Alimwendea Atupele akasema, nipe mashairi niyazoee. Atupele akasema, "Utayapata siku yenyewe. Vidole vyako vina mafuta ya maandazi." Akamwendea Mbonea akasema, nisimulie basi huyo mtu. Mbonea akatazama miguu yake. Basi Sikudhani akabaki na kiti. Kila alasiri aliingia darasa tupu, akakaa sakafuni mbele ya kiti cha mshairi, akazungumza nacho. Alikiambia habari za kwao, alikiuliza kama kinasikia baridi. Ukungu ulipita baina yao kama mtu anayepanga vyombo asiyetaka kusumbua wageni. Siku moja alilala hapo, kichwa kikiwa kwenye mguu wa kiti, na alipoamka hakujua kama alikuwa ameongea yeye au ameongeleshwa.

Alhamisi ikafika. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, ile isiyo na sauti. Mlango uliachwa wazi. Sikudhani alifunguliwa kitambaa mbele ya watu wote, akakabidhiwa karatasi.

"Soma kama ilivyo," alinong'ona Atupele.

Akasoma shairi la kwanza. Darasa limekaa. Akasoma la pili, la tatu, la nne. Darasa limekaa. Jamaa mmoja dirishani alikuwa akimenya chungwa. La tisa, la kumi. Limekaa. Atupele akaanza kuhesabu moyoni ada ya somo la kurudia.

Akafika la kumi na moja. Milimita nne. Migomba, bati la shule, mtu aliyesahau mwavuli. Akazikuta nukta. Hakuwa ameambiwa kuna nukta. Ukungu ukaingia mlangoni. Akainua macho kutoka kwenye karatasi, akakitazama kiti alichokizoea, na mdomo wake ukasema, taratibu, kama anayesoma:

"Moja ya kiti kinachosubiri."

Kisha akamalizia yaliyoandikwa: "Nimeandika. Nimemwaga. Nimerudi ndani."

Aliyekuwa akimenya chungwa akaliweka chini, akasimama. Mstari wa nyuma ukasimama. Mstari wa kati ukasimama. Thelathini na wawili wote wakasimama, na hakuna aliyeweza kueleza baadaye ni nani aliyeanza kuona. Maana mlangoni alikuwapo mwanamke mzee aliyelowa pindo la kanga. Akafunga mwavuli. Akapita katikati ya madawati, akafika mbele, akakaa kwenye kiti cha mshairi kama mtu aliyerudi nyumbani kwake.

"Naitwa Mpima Mvua," alisema. "Nani aliyenileta?"

Mwalimu Kunambi akawaonyesha wale watatu kwa mkono.

Bi Naetwe akatoa kwapani daftari la mvua, limezungushiwa nailoni. Akaliweka mapajani. "Sina mtoto wala mrithi. Hili nampa yule aliyenileta. Mmoja. Halichanwi, maana ukigawana mashairi utaichana mvua iliyo nyuma yake. Semeni."

Atupele akasema, na sasa kweli alikuwa akitetemeka, "Bibi, ni mimi. Siku arobaini nilishuka kwenye vumbi. Bila mimi ulikuwa jina kwenye karatasi. Hawa wawili wangemleta nani, na kwa maneno gani?"

Mbonea akasema, "Bibi, ni mimi. Miguu iliyokuleta ni yako, lakini saa na mlango nilikutajia mimi. Na sikukuvuta."

Atupele akamgeukia. "Ulijua yu hai?"

"Nilijua."

"Wiki mbili natafuta mwaka aliokufa, Mbonea. Wiki mbili. Nilikwenda mpaka kwa mchonga mawe ya makaburi. Na wewe ulijua yuko mlimani anakunywa uji?"

"Niliahidi."

Darasa likacheka kidogo, likiwa limesimama. Bi Naetwe naye alicheka. "Ulikuwa uji wa ulezi," alisema.

Sikudhani akasema, "Bibi, ni mimi. Mashairi kumi yalisomwa na watu wakamenya machungwa. Waliposimama, walisimama kwa ule mstari."

"Ambao si wake," alisema Atupele. "Umemtilia maneno mdomoni mtu aliye hai, mbele yake."

"Wewe ulikuwa umemtilia nukta," alisema Sikudhani. "Kumi na mbili. Nimezihesabu."

"Nukta hazidanganyi."

"Wala hazisimamishi watu, dada."

Mwalimu Kunambi akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa akiliogopa. "Bibi, samahani. Mstari ule ndio wenyewe?"

Bi Naetwe akafumba macho. "Sikumbuki," alisema. "Kuna siku nilichelewa kumwaga, mvua ya jana ikachanganyika na ya leo ndani ya chombo. Niliandika jumla tu. Huenda ni wangu. Huenda ni wa binti huyu. Kiti nilikiona, hilo najua." Akafumbua macho. "Sasa mniambie. Nikikupa, utalifanyaje?"

"Nitayanakili yote," alisema Atupele. "Palipofutika nitaacha wazi. Hakuna atakayesoma neno usiloliandika."

"Nitalifunga sandukuni," alisema Mbonea. "Mpaka wewe useme watu wasome. Usiposema, hakuna atakayekanyaga nyasi zako."

"Nitayasoma kila mahali," alisema Sikudhani. "Shuleni, sokoni, kwenye foleni ya maji. Yakiwa na pengo nitalijaza, maana watu hawasimamii pengo."

Bi Naetwe akawatazama mmoja mmoja, kama anavyosoma mistari ya bilauri. Aliinama kwa Atupele. Aliinama kwa Mbonea. Aliinama kwa Sikudhani. Kisha akatazama dirishani, mvua ilivyokuwa ikizidi.

"Saa tisa nina kipimo kingine," alisema.

Akasimama. Daftari akaliacha juu ya kiti. Akafungua mwavuli palepale ndani, akatoka, na hatua ya tatu nje ukungu ulikuwa umeshampokea.

Atupele akanyoosha mkono, akaurudisha. Mbonea hakunyoosha, lakini alisogea. Sikudhani, aliyekuwa karibu kuliko wote, akakitazama kiti. Wakamtazama mwalimu. Mwalimu akasema, "Mimi nilitoa kiti tu."

Na kanuni mnaikumbuka: darasa likisimama, halikai mpaka kiti kiwe kitupu. Kiti hakikuwa kitupu. Kilikuwa na miaka ishirini na minne ya mvua juu yake. Thelathini na wawili wakabaki wamesimama, chungwa moja limemenywa nusu, ukungu unapita baina ya magoti yao.

Nyinyi wenzangu mmekaa vizuri, wale miguu inawauma. Basi niambieni: kati ya Atupele aliyeyapata maneno, Mbonea aliyempata mwenyewe, na Sikudhani aliyewasimamisha watu, je, nani alistahili kuliinua daftari lile, ili wenzake wakae?